Mstari wa Saa Nne na Dakika Kumi na Saba

Sauti aliyoibeba Ackson kwa miaka yote ile ni ya kicheko kilichokatika.

Kilikuwa kicheko kizuri, cha watu wanne au watano, kikitoka katika chumba cha chai cha hospitali. Yeye alikuwa koridoni ameshika kikombe chake, na kabla hajajua kinachochekwa alijikuta anatabasamu. Akasukuma mlango. Kicheko kikakatika. Mtu mmoja akakohoa. Muuguzi aliyekaa karibu na dirisha akaigeuza simu yake kifudifudi juu ya meza, taratibu, kama anayefunika chakula kisiingie nzi.

"Karibu, Malafyale," mwingine akasema. "Tulikuwa tunakutaja kwa mema."

Malafyale ni chifu kwa Kinyakyusa. Wakacheka tena, lakini hiki kilikuwa kicheko kingine, cha mdomoni tu. Ackson akachota maji ya moto, akatia majani, akasema chai ya leo ina rangi nzuri, akatoka. Aliinywa peke yake katika chumba cha seva. Huo ulikuwa mwaka wake wa pili kazini. Sasa ni wa kumi na moja, na tangu siku ile hajaingia chumba cha chai bila kupiga hodi.

Hospitali yenyewe iko Tukuyu, na jina lake tuliache. Ackson ndiye msimamizi wa mtandao wake wa kompyuta. Ukiitazama kazi hiyo kwa nje ni nyaya na vumbi, na printa inayokataa karatasi asubuhi foleni ikiwa imefika getini. Kwa ndani ni kazi ya mwenye funguo. Yeye humpa mfanyakazi mpya akaunti, naye huifunga siku mtu huyo anapoondoka. Yeye hupanga nani aone nini: wa mapokezi aone jina na kijiji, mfamasia aone dawa, daktari aone ugonjwa. Mafaili ya wafanyakazi wenyewe, wanapougua, aliyafunga zaidi, asiyaone mtu isipokuwa anayewatibu. Yeye anaweza kuona yote.

Chumba chake zamani kilikuwa stoo ya mablanketi. Ndicho chumba pekee chenye kiyoyozi katika jengo zima, katika mji ambao mwezi wa sita watu hulala na soksi. "Hospitali inamlipa mtu apoze baridi," watu wa mapokezi walitania. Naye alitabasamu, akarekebisha kola ya koti lake, akapita.

Watu waliamini kwamba anasoma jumbe zao za simu. Hilo hakuliweza hata angetaka. Waliamini kwamba anajua nani ana ujauzito, nani ana sukari, nani ameanza dawa gani. Hilo aliliweza, na katika miaka kumi na moja hakulifanya hata mara moja. Lakini mtu atathibitishaje mlango ambao hakuufungua? Mfumo una daftari lake, ambalo haliandikwi kwa mkono: kila anayefungua faili, daftari huandika jina lake, kompyuta aliyoitumia, siku na dakika. Daftari hilo lingeweza kumshuhudia Ackson. Shida ni kwamba funguo za daftari pia alikuwa nazo yeye. Angeweza kufuta mstari wowote, na asingekuwapo wa kugundua.

Mara mbili alimwandikia mkurugenzi, Daktari Simon, akiomba nakala ya daftari itunzwe na mtu mwingine. Mara zote mbili mkurugenzi alimgonga bega. "Sisi tunakuamini, bwana Ackson. Wewe endelea." Ackson alirudi stoo yake ya mablanketi na imani hiyo, akakaa nayo. Ni kitu kizito kukaa nacho peke yako.

Alizaliwa Nkunga, mtoto pekee wa mama aliyefiwa na mumewe mapema. Alisoma kompyuta Mbeya, akarudi, akapanga vyumba viwili nyuma ya soko. Aliwahi kuposa, ikashindikana, hapendi kuisimulia. Kila Jumamosi alipanda bodaboda kwenda kwa mama yake, akakaa naye jikoni akimenya ndizi, wakaongea Kinyakyusa hadi jua la mchana. Mama hakuelewa kazi ya mwanawe. "Unalinda nini huko?" alimuuliza. Ackson akamjibu kwamba analinda majina ya watu. Mama akatafakari, akasema kazi hiyo ilikuwa ya wazee, na wazee walikuwa wengi, hawakuachiwa mtu mmoja.

Kazini alikuwa na mtu mmoja. Dada Agness wa masijala, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mwenye sauti ya kwaya na mkono mwepesi wa kuzitafuta kadi za zamani. Yeye hakuigeuza simu yake Ackson alipoingia. Alimwekea chakula: ndizi na maharage katika sufuria ndogo iliyofungwa kwa kitambaa.

"Kula, mdogo wangu. Malafyale gani huyu hana kitambi?"

"Malafyale bila ng'ombe, dada."

"Basi uoe. Ng'ombe watakuja wenyewe wakusikie."

Walikula kati ya rafu za kadi, na Agness alizungumza kwa wote wawili. Alizungumza hasa juu ya mwanawe Godwin, mwalimu wa shule ya msingi huko Ikuti, kijana mpole, anayefua mashati yake mwenyewe.

Ipo desturi moja huku wilayani Rungwe ambayo Ackson hakuweza kuishinda kwa mafunzo yoyote. Mtu akipatwa na msiba haulizwi habari ya kazi. Anakwenda kuzika, anakaa msibani siku zote zinazotakiwa, na shughuli zake zinashikwa na wenzake. Jirani atakamua ng'ombe wako na kumkatia majani. Na mwenzako wa ofisini atakaa kwenye kiti chako na kufungua kompyuta yako kwa nywila yako, uliyomwachia kwenye kipande cha karatasi. Ackson alibandika matangazo. Aliitisha semina. Alieleza kwamba mtu akitumia jina lako, alilolifanya limefanywa na wewe. Walimsikiliza kwa heshima kabisa. Kisha mhudumu mmoja wa maabara alinyoosha mkono. "Sasa kaka, nikifiwa, niende kuzika huku nimemwacha ng'ombe hana majani?" Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Agosti mwaka jana mama yake Ackson alifariki. Simu ilimkuta kazini asubuhi. Alisimama katikati ya chumba cha seva, na jambo alilolifikiria, ajabu, ni nani atafungua akaunti za watu zikijifunga. Hapakuwa na msimamizi wa pili. Mkurugenzi akamwambia, "Pole sana. Lakini usituache hivi hivi." Ndipo Ackson akaenda masijala, akainama, akamtajia dada Agness nywila yake kubwa, ile inayofungua kila kitu. Hakuiandika. Agness aliirudia mara tatu kwa midomo bila sauti, kama anayejifunza mstari wa wimbo, huku machozi yakimtoka kwa ajili ya mama asiye wake.

Alizika, mama akalazwa nyuma ya nyumba kwenye migomba, na baada ya siku tisa akarudi. Hospitali ilikuwa imetembea vizuri. Alifungua ukurasa wa kubadilisha nywila, akautazama kwa muda, akaufunga. Nitaibadilisha Jumatatu, alijiambia. Jumatatu ikapita, na mwezi ukapita, na miezi saba.

Mwezi wa nne posa ya Godwin ilivunjika.

Msichana aliitwa Elina, wa dirisha la dawa la hospitali hiyohiyo, binti wa miaka ishirini na sita, asiyepandisha sauti. Mahari ilikuwa bado haijatajwa, lakini wazee walikuwa wamekwisha kukaribishwa mara moja na kula. Kisha mjomba wa Godwin alitumwa kwenda kusema kwamba upande wao umesitisha kwanza. Wazazi wa Elina wakauliza sababu. Mjomba, ambaye hakuwa hodari wa kuficha, alisema hakuna ubaya, ni ule ugonjwa wa kuanguka tu.

Elina alipata kifafa akiwa na miaka tisa. Ana miaka sita hajaanguka. Anameza vidonge vyake kila jioni, na kijijini kwao waliojua ni baba na mama peke yao. Kilipoandikwa ni mahali pamoja tu: ndani ya faili lake. Alilia siku mbili. Siku ya tatu akaandika barua kwa mkurugenzi, ukurasa mmoja, mwandiko umenyooka. Aliuliza nani amefungua faili lake. Aliongeza kwamba asipopata jibu ataacha dawa za hospitali hii, kwa sababu ni heri kuanguka kuliko kuandikwa.

"Ijumaa saa tatu," Daktari Simon alimwambia Ackson Jumatatu asubuhi. "Nataka orodha. Wote waliolifungua, mwaka mzima."

Ackson alifungua daftari la mfumo Jumatatu ileile. Mistari ilikuwa saba. Sita ilikuwa ya daktari wa Elina na ya mfamasia mkuu, kila mmoja kwa siku za kliniki. Wa saba ulikuwa wa Jumanne ya mwezi wa tatu, saa nne na dakika kumi na saba asubuhi. Jina lililoandikwa hapo lilikuwa la Ackson.

Alilisoma jina lake kama mtu anayesoma tangazo la kifo. Jumanne ile aliikumbuka. Alikuwa Isongole, juu ya paa la zahanati, akifunga antena, upepo wa viazi na udongo mbichi ukimpiga usoni, vidole vimekufa ganzi. Akasogeza macho hadi kwenye safu ya kompyuta. Masijala, dirishani. Ile yenye kibodi iliyofutika herufi ya A, ambayo kila wiki aliahidi kuibadilisha.

Hakwenda masijala siku hiyo. Wala Jumanne. Jumatano mchana alikwenda, na sufuria ilikuwa mezani imefungwa kitambaa.

"Umenisusa, mdogo wangu? Siku mbili nakula mwenyewe kama mjane."

Ackson hakuketi. "Dada. Faili la Elina."

Agness aliufungua mfuniko, akachukua kijiko, akaanza kupakua. Alipojaza sahani moja akaiweka chini.

"Zamani tulikuwa tunatuma mtu," alisema. "Unajua mwenyewe. Kabla ng'ombe hawajatajwa, shangazi anakwenda kukaa kijijini kwao wiki nzima, anasingizia kununua maharage. Anauliza. Huyu babu yake alikufaje, yule mama yao ana hasira gani. Hakuna aliyeita huo wizi."

"Shangazi anaambiwa na mtu, dada. Faili haliambii mtu. Yaliyomo, mgonjwa alimwambia daktari wake tu."

"Mimi ni mama. Nina mtoto mmoja wa kiume. Mlango uko mbele yangu, ufunguo uko kichwani mwangu. Wewe ungeacha?"

"Nimeacha miaka kumi na moja."

"Wewe huna mtoto."

Lilitoka haraka. Wote wawili walilisikia likianguka. Nje, chini ya dirisha, mtu alikuwa akibishana na dereva wa bodaboda juu ya mgonjwa na tenga la kuku. Agness akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kitenge.

"Nisamehe. Hilo halikuwa la kusema." Kisha akapunguza sauti. "Ackson. Bado miaka mitatu nistaafu. Godwin hajui nimelitoa wapi, anadhani niliuliza watu. Wewe ndiye mwenye funguo zote. Mstari mmoja tu, mdogo wangu. Nani atajua?"

"Hakuna atakayejua," Ackson alisema, kwa sababu ilikuwa kweli.

"Basi kaa ule."

Alikaa. Alikula. Ndizi zilikuwa zimepikwa kwa maziwa, kama mama yake alivyozipika.

Alirudi chumbani, akafunga mlango, akaliita daftari kwenye kioo. Mstari wa saba ulikuwa mfupi kuliko yote. Akiufuta, Ijumaa atapeleka karatasi yenye mistari sita, safi. Dada Agness atastaafu na keki. Yeye ataendelea kula ndizi kati ya rafu. Elina atabaki hajui, na kwa kutojua atamwogopa kila mtu hospitalini, kuanzia mfagizi hadi daktari, maisha yake yote. Aliweka kidole juu ya kitufe cha kufuta, hakukibonyeza. Alikuwa amewafundisha watu kwamba hatari kubwa ya mtandao haitoki nje, inatoka kwa mtu wa ndani mwenye ruhusa. Alipokuwa akilisema hilo semina hakuwahi kumpa mtu huyo uso.

Akachapa karatasi, mistari yote saba. Akaitia katika bahasha, akaibandika, akaipeleka kwa Sophia, karani wa mkurugenzi, wakati karani huyo akitoka kutawadha kwa ajili ya adhuhuri na bado anajifuta maji usoni.

"Dada Sophia, mpe daktari Ijumaa. Na hata nikija kuiomba, usinirudishie."

Sophia aliipima bahasha mkononi. "Makubwa. Ni barua ya mapenzi?"

"Hapana."

"Pole. Nilikuwa nimeshaanza kukuombea."

Mara mbili kabla ya Ijumaa alipita mbele ya meza ya Sophia bila shughuli yoyote. Mara ya pili Sophia alivuta droo, akaifunga kwa ufunguo, akaendelea kuchapa bila kumtazama.

Ijumaa saa tatu mvua ilikuwa ikinyesha ile ya Tukuyu isiyo na haraka. Ofisini mwa Daktari Simon walikuwa wanne: yeye, Elina mwenye koti jeupe la dirisha la dawa, dada Agness aliyeitwa kama mkuu wa masijala, na Ackson karibu na mlango. Bahasha ilikuwa imefunguliwa.

Mkurugenzi alisoma mistari sita kwa sauti. Alipofika kwenye wa saba akainua macho, akausoma polepole, jina, siku, saa nne na dakika kumi na saba.

"Bwana Ackson. Hii akaunti ni yako?"

"Ni yangu."

"Kwa hiyo ni wewe?"

Ackson aligeuka. Alimtazama Agness. Hakumtazama kwa kumshitaki. Alimtazama kama mtu anayemshikia mwenzake mlango apite kwanza. Agness aliikunja ncha ya kitenge chake, akaikunjua, akaikunja.

"Mama Godwin," mkurugenzi akasema, "inaonyesha ni kompyuta ya kwenu."

"Mimi ni mtu wa kadi, daktari," Agness alisema. "Kompyuta nabonyeza ninachoambiwa. Yeye huwa anakuja kutengeneza, anakaa, anaondoka. Sisi tutajuaje anachofungua?"

Mvua ikaendelea. Elina aligeuka kwenye kiti.

"Kaka Ackson," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kulia. "Mimi nilikuwa nakutetea. Wakisema Malafyale anasoma kila kitu, mimi nawabishia. Nasema yule kaka ana haya hata ya kuomba chumvi. Sasa niambie. Nilikukosea nini?"

Alitaka kumweleza juu ya paa la Isongole, na antena, na vidole vyake. Ushahidi ulikuwapo, mganga wa zahanati alimshikia ngazi. Lakini hilo lingejibu swali la mkurugenzi. La Elina lilikuwa lingine: siri yake ilitokaje mahali ambapo mtu mmoja tu alikuwa na funguo. Ackson akamgeukia Agness mara ya mwisho, na Agness alikuwa anatazama sakafu. Basi akasogea, akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na binti yule, akakunja mikono katikati ya magoti. Alisema kwa sauti ndogo sana, hata Daktari Simon akalazimika kuinama mbele ya meza yake ili asikie.

"Nilimwachia dada Agness nywila yangu nilipokwenda kumzika mama, naye ndiye aliyeitumia. Niliporudi ningeweza kuibadilisha siku ileile, Elina. Sikuibadilisha. Nilipenda kujua kwamba kuna mtu mwingine anaijua."